Akiuma ni aina yake, akifa ni jirani

Mhariri,

Mitaani Nakuru, iwe Milimani, Section 58, Lanet au Kiamunyi, mbwa hukatiwa hukumu mbili bila kesi kusikizwa. Akimuuma mtu, watu husema, "Si ni Rottweiler huyo? Ulitarajia nini?" Akikutwa asubuhi kando ya kibanda amekauka, watu husema, "Jirani amemtilia sumu." Hukumu zote mbili zinapendwa kwa sababu moja: hakuna inayomlazimu mwenye mbwa kuinama na kuchungulia ndani ya kibanda chake. Naomba nafasi gazetini nizijibu. Nitaanza na ya pili, maana ndiyo inayofikisha majirani kwa chifu.

Sumu ipo, sikatai. Wezi hurusha nyama iliyopakwa dawa ya wadudu wa shambani, na dawa hizo zina alama zake. Huanza upesi, mara nyingi kati ya dakika chache na saa chache: mate yanachuruzika, mboni za macho zinanywea zikawa kama tundu la sindano, mbwa anajikojolea na kuharisha, misuli inachezacheza chini ya ngozi, kisha degedege, kisha pumzi inakata. Sumu ya panya, ile inayozuia damu kuganda, ina mwendo mwingine kabisa. Mbwa hukaa siku 3 hadi 5 akila na kubweka kama kawaida, ndipo fizi zinapauka, damu inatoka puani au kwenye kinyesi, na pumzi inakuwa nzito. Ya kwanza daktari huipigania kwa sindano za atropini, ya pili kwa vitamini K1 ambayo huendelea kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu pakiti iliyookotwa uani, au matapishi kidogo ndani ya chupa, yana thamani kuliko maelezo marefu ya nani mlikosana naye. Vaa glavu unapoyachota. Na tafadhali sana, maziwa hayazimui sumu. Mbwa anayetetemeka akimiminiwa maziwa au mafuta ya kupikia kinywani, yanaingia mapafuni, na hapo atakayemuua si mwizi tena.

Lakini kuna vifo ambavyo, machoni pa mtu aliyeamka akakuta mzoga, hufanana na sumu, na chanzo chake ni nyumbani kwake mwenyewe.

Chukua homa ya kupe. Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, si kama kupe wa ng'ombe anayengoja kwenye nyasi. Yeye hupenda nyumba. Jike akishashiba damu hujiangusha, hupanda ukuta, hujipenyeza kwenye ufa wa mbao au plasta, na humo hutaga mayai yanayoweza kufika 4,000. Kwa hiyo kumwogesha mbwa dawa kila Jumamosi huku kibanda kina nyufa ni kuteka maji kwa pakacha. Dawa ipigwe kwenye nyufa, pembe za dari na chini ya ubao anaolalia, irudiwe baada ya wiki mbili, nyufa zizibwe, na lebo ifuatwe. Dawa ya josho la ng'ombe ikikolezwa kwa kukisia huua mbwa kabla ya kupe.

Kupe huyo hubeba vijidudu viwili vya kuogopwa. Babesia huvunja chembe nyekundu za damu: mbwa anasusa chakula, mwili unachemka, mkojo unageuka rangi ya chai ya strungi, fizi zinakuwa nyeupe na baadaye manjano. Akicheleweshwa siku chache tu anaweza kufa. Erlikia hufanya kazi polepole, mbwa anakonda, anatoka damu puani, anaonekana kupata nafuu kisha anaporomoka. Matone ya damu kutoka ncha ya sikio, yakipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, mara nyingi humwonyesha babesia. Tiba yake ya kawaida ni imidokabu, sindano mbili zinazoachana siku 14, na wengi hawairudii ya pili. Erlikia hutaka doksisiklini kwa siku 28, na hapa ndipo wenye mbwa wanapoharibu: siku ya tano mbwa anaramba sufuria, tembe zinarudishwa kabatini kwa ajili ya "siku nyingine". Siku hiyo nyingine huja.

Kuna kipimo kisicho na gharama ambacho kila mwenye mbwa angejizoeza. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole hadi uwe mweupe, achia. Kwa mbwa mzima rangi ya waridi hurudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au ufizi ukiwa mweupe kama karatasi kabla hata hujaubonyeza, hiyo ni safari ya kwa daktari usiku huo huo. Mzoee mbwa wako akiwa mzima, ili siku ya ugonjwa usije ukaanza kujiuliza rangi yake ilikuwaje.

Kifo kingine huwapata mbwa wenye kifua kirefu: Great Dane, German Shepherd, Doberman, Rottweiler. Tumbo hujaa gesi likajipinda, na njia ya kuingia na kutoka ikafungwa. Mbwa anataka kutapika lakini hatoi kitu ila ute, hatulii, anatazama ubavu wake, na tumbo ukiligonga linalia kama ngoma. Ana saa chache, na dawa ya tumbo haimsaidii, ni upasuaji. Sasa tazama desturi yetu. Mbwa amefungiwa kutwa nzima. Saa moja jioni anawekewa sufuria moja kubwa ya ugali na mchuzi, anaubugia kwa dakika moja, mlango unafunguliwa, naye anachomoka kuzunguka boma mbio. Ukitaka kupanga jinsi ya kulipinda tumbo la mbwa hungepanga vizuri zaidi. Ligawe lile sufuria liwe mara mbili, asubuhi na jioni, na ukishamlisha mwache atulie saa nzima kabla ya kumfungulia.

Halafu kuna mahindi. Gunia lililopigwa na unyevu, likaota ukungu, haliuzwi wala haliliwi na watu. Linasagwa kuwa "unga wa mbwa". Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ile ile iliyoua watu 125 kule Ukambani mwaka 2004. Kuipika hakuiondoi. Ini la mbwa hulemewa upesi: anasusa chakula, anatapika, macho yanakuwa manjano, kinyesi kinakuwa cheusi kama lami. Wakila sufuria moja, mbwa watatu wa boma moja wanaweza kufa wiki moja, na hakuna mtu atakayekubali kwamba hawakutiliwa sumu. Kwa kweli walitiliwa. Imetoka ghalani.

Anayetaka kujua kwa uhakika ampeleke mbwa afanyiwe uchunguzi wa maiti. Masharti ni mawili: awahi, siku ile ile ikiwezekana, na mzoga uwekwe penye baridi, pamoja na barafu ukiipata, wala si kugandishwa kwenye friza, kwa maana kuganda huharibu nyama inayopaswa kutazamwa. Kuvimba tumbo baada ya kufa si ushahidi wa kitu, kwani mzoga wowote huvimba juani. Hata povu puani halithibitishi sumu.

Niingie kwenye sifa za aina za mbwa, maana ndiko fedha za watu zinakopotelea. Jina la aina linakuambia mengi kuhusu mwili wa mbwa na machache kuhusu moyo wake. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000 wa Marekani, uligundua kwamba aina inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Hiyo haimaanishi damu haina kazi. Mbwa wa kuchunga huzaliwa na hamu ya kuzingira vitu, na mbwa mwenye taya la kilo nyingi akiuma huacha jeraha kubwa kuliko kijibwa cha sebuleni. Ila ukali hauji umefungashwa ndani ya cheti.

Hizo sifa zenyewe zina historia ya kuchekesha. German Shepherd alianza kama mchunga kondoo; Mjerumani Max von Stephanitz alimnunua dume mmoja mwaka 1899 akamfanya chimbuko la aina nzima. Vita Kuu ya Kwanza ilipofanya kila chenye jina la Ujerumani kichukiwe, Waingereza wakambatiza Alsatian, na jina hilo likakaa rasmi hadi mwaka 1977. Mbwa ni yule yule, jina ndilo lilikuwa na kesi. Rottweiler alikuwa mbwa wa wachinjaji wa mji wa Rottweil, akiswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya nyama. Doberman alitokana na kazi ya Louis Dobermann wa Apolda, mtu aliyekuwa akikusanya kodi, na hapo labda ndipo sifa ya ukali ina msingi kidogo. Uingereza ilipiga marufuku aina nne kwa sheria ya mwaka 1991, na mwaka 2023 serikali ikalazimika kuongeza ya tano, XL Bully, mbwa ambaye sheria ilipoandikwa hakuwapo. Ukifunga mlango wa jina moja, anayetaka mbwa wa kutisha hutafuta jina jingine.

Huku kwetu kinyume chake ndicho kinachotusumbua: jina linauzwa. Kando ya barabara utaonyeshwa papi mweusi na kahawia uambiwe ni German Shepherd halisi wa miezi miwili. Mfungue kinywa. Papi wa wiki 8 ana meno ya utoto yote 28. Asiye nayo ametolewa kwa mama mapema. Muulize muuzaji mama yuko wapi, na kama jibu ni hadithi, ondoka. Tazama kadi ya chanjo: chanjo ya kweli huacha kijikaratasi kilichobanduliwa kwenye chupa yake, chenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho, pamoja na sahihi na namba ya usajili ya daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kadi yenye alama za kalamu tupu ni karatasi tu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na yule asiye na jina, mbwa wetu wa kienyeji? Walowezi walimwita "shenzi", nasi tukamwita "koko". Ni mnyama wa koti fupi lisilokusanya joto, pua ndefu inayopumua vizuri, nyonga zisizomsumbua, ambaye hakuna mtu aliyemchagulia mama kwa ajili ya picha. Kwa boma la kawaida la Bahati au Njoro simjui mlinzi anayemfaa mtu zaidi. Kinachomuua mapema ni kwamba hakuna anayemchanja.

Jina la aina, basi, lisome kama kadi ya hospitali. Papi wa Rottweiler na Doberman hulemewa na parvo, ugonjwa wa virusi wa kuhara damu na kutapika, kuliko wengine. German Shepherd mchunguze nyonga, na usimruhusu kuruka ngazi akiwa bado anakua. Mbwa wa uso bapa usimpeleke Kisumu ukamfungia chini ya mabati mchana wa Februari, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na yeye hana pa kuhemea. Collie na jamaa zake wengi wana kasoro ya vinasaba inayofungulia ivamektini, dawa ya minyoo na upele, njia ya kuingia ubongoni. Wakati huo huo, chupa ya ivamektini ya agroveti imeandikwa kipimo cha ng'ombe, mililita 1 kwa kila kilo 50. Mtu anamwona mbwa wa ukoo huo, wa kilo 20, ana upele, anavuta mililita 2, mara tano ya kipimo hicho, anamdunga, na kesho yake mbwa hasimami, haoni. Hapo pia jirani husingiziwa.

Kuhusu tabia, dirisha ni wiki ya 3 hadi ya 14 hivi za maisha yake. Alichokutana nacho kwa amani katika kipindi hicho, watoto, pikipiki, mwavuli, mtu wa kofia, hatakiogopa baadaye. Papi anayefungiwa tangu siku aliyonunuliwa "ili awe mkali", akimwona mlinzi mmoja tu, hukua akiogopa dunia nzima, na mbwa mwoga ndiye huuma bila kuonya. Hata kunguruma usimwadhibu kwa hilo. Ukimpiga kwa kunguruma unamfundisha kunyamaza, na kinachofuata kunyamaza ni jino.

Akishamuuma mtu, acheni ubishi wa aina. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, bila kupaka mafuta, pilipili wala majivu. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, na dozi zote za chanjo zikamilishwe, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Mbwa asipigwe mawe akafa. Afungwe achunguzwe siku 10. Kama mate yake yalikuwa na virusi siku aliyouma, atakuwa ameugua au amekufa kabla ya siku hizo kwisha. Akiwa mzima siku ya 10, mlioumwa mnaweza kupumua. Ukimuua, umechoma ushahidi. Na msimpasue kichwa kwa rungu, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa maabara. Chanjo ya kichaa kwa mbwa hutolewa kuanzia miezi 3 na kurudiwa kila mwaka, na mji unahitaji asilimia 70 ya mbwa wake wachanjwe ili ugonjwa ukose njia. Kisumu na Siaya zilikuwa miongoni mwa kaunti za kuanzia katika mpango wa taifa wa kuutokomeza kufikia mwaka 2030. Waandishi wako, Mhariri, wakiripoti mbwa aliyeuma, naomba waulize kwanza kama alichanjwa na kama alikuwa amefungwa. Aina ije baadaye, nafasi ikibaki.

Nimalizie na mbwa anayekufa licha ya yote, kwa sababu hilo nalo tunalifanya vibaya. Daktari akisema mateso hayana mwisho mwingine na mkakubaliana apumzishwe kwa sindano, fahamuni kwamba dawa hiyo hubaki kwenye nyama. Mzoga ukitupwa kwenye jaa la Gioto, tai, korongo na mbwa wengine watakaoula watakufa pia. Shimo liwe na kina cha mita 1, mbali na kisima angalau mita 30, na mwili ufungwe kwa shuka la pamba au gunia la katani linalooza. Kama mnashuku kichaa, msimguse. Aitwe ofisa wa mifugo wa kaunti.

Papi aliyekufa kwa parvo, mwenye kuhara damu inayonuka na kutapika, huacha virusi ardhini vinavyoweza kudumu miezi mingi, hata mwaka. Dawa nyingi za kusafishia zenye harufu ya hospitali haziviui. Sakafu ya saruji ikwanguliwe uchafu na kuoshwa kwa sabuni kwanza, ndipo ipakwe jiki, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, ikae dakika 10. Kwenye udongo jiki haifanyi kazi ya maana. Mtu huzika Ijumaa, Jumapili anawaletea watoto papi mwingine ili wanyamaze, na baada ya wiki moja anazika tena na kusema boma lina mkosi. Kama ni lazima, leta mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa. Papi naye asikanyage uwanja huo kabla ya kumaliza chanjo zake, zinazoanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Kinga aliyonyonya kwa mama huizuia chanjo ya mapema kushika, na hakuna anayeweza kutaja siku inapokwisha. Ndiyo maana sindano moja haitoshi.

Watoto waambiwe amekufa. Ukisema "ametoroka" au "amepelekwa shamba", mtoto atasimama langoni jioni akiita jina, na atakuuliza kila safari ya shamba. Wapeni nafasi ya kutia udongo mkono mmoja. Watu wazima wanaocheka kwamba huyo ni mbwa tu wawaache. Aliyelala mlangoni mwako miaka 10 amekujua kuliko wengi wanaokuamkia.

Na kama walikuwa wawili, aliyebaki huenda akasusa chakula na kulala pale mwenzake alipokuwa akilala. Kila mtu atasema ni huzuni. Inawezekana. Lakini mwinue mdomo kwanza umtazame ufizi, maana kibanda kilikuwa kimoja na kupe ni wale wale.

Wako,
Daktari wa mifugo,
Lanet, Nakuru